Mungu Angekuona

Jumuiya ilikuwa kwetu siku hiyo. Ibada imekwisha, watu wako barazani wanamalizia chai na maandazi, na mimi nimechuchumaa uani na tonge la ugali. Nimelibonyeza katikati, nikatia kidonge, nikalifumba na kulipaka mchuzi wa dagaa. Mbwa amelala kwenye kivuli cha mwarobaini. Macho yake yameingia ukungu, haoni vizuri, kwa hiyo namgusa kwanza shingoni ajue ni mimi, ndipo namsogezea tonge puani. Ananusa kwa muda. Kisha anakula.

Mzee wetu mmoja wa kanisa alikuwa akitafuta maji ya kunawa. Alisimama akanitazama mpaka nikamaliza.

"Dawa hiyo umeinunua?"

"Ndiyo, mzee. Ya maumivu. Miguu ya nyuma inamsumbua."

Akatikisa kichwa, wala si kwa ukali. Ni mtu mwema, amenijua tangu nikiwa mtoto wa Shule ya Jumapili. Akasema, "Mwanangu, hela hiyo ungempa yatima, Mungu angekuona."

Akanawa, akarudi barazani.

Maneno hayo yamenikaa moyoni kwa majuma mengi. Habari ya yatima niliielewa, na nitaifikia. Kilichoninyima usingizi ni yale mawili ya mwisho.

Mungu angekuona. Kumbe hapa nilipochuchumaa haoni?

## Watasema

Mbwa mwenyewe anaitwa Watasema. Alikuwa wa marehemu baba. Jina alipewa wakati wa ugomvi wa mpaka na jirani, na waliokulia mitaa ya kwetu hapa Tanga wanajua mbwa anavyotumwa ujumbe: unamwita kwa sauti jioni, anayehusika anasikia. Ugomvi ulikwisha, wawili hao wakapatana, na sasa wote wameshazikwa. Jina limebaki.

Baba hakuwa mtu wa kubembeleza mnyama. Sikumbuki kumwona akimpapasa. Lakini alikuwa na utaratibu wake usiovunjwa: mbwa anakula kwanza. Mama akishapakua, baba anauliza, "Wa nje amepata?" Kama hajapata, baba hashiki tonge, nasi watoto tunabaki kuutazama mvuke wa ugali.

Tulidhani ni ukali wake tu. Miaka mingi baadaye nikaisoma Kumbukumbu la Torati 11:15, pale Mungu anapoahidi nyasi mashambani kwa ajili ya ng'ombe, halafu ndipo anapomwambia mwenye ng'ombe kwamba naye atakula na kushiba. Walimu wa Kiyahudi tangu kale waliuona mpangilio huo, mnyama mbele na mtu nyuma, wakafundisha kwamba mtu asionje chakula kabla hajamlisha mnyama wake. Baba hakuwa amesoma vitabu vya walimu hao. Alikuwa karani wa shamba la mkonge, na alikuwa na Biblia moja aliyoisoma polepole akiwa na penseli mkononi.

Sasa Watasema amezeeka. Habweki. Usiku mtu akipita karibu na ukuta, yeye huinua sikio moja na kulilaza tena. Wageni huniuliza, "Mbwa asiyebweka ni wa nini?" Nao hawakosei kuuliza. Kwetu mbwa ana kazi na ana ujira wake, ukoko wa ugali na vichwa vya samaki. Kazi ikiisha, wengi hufungua geti tu, na mbwa anakuwa wa barabara.

Hapo ndipo fikra zangu zilipokwama. Alipokuwa mlinzi, chakula nilichompa kilikuwa malipo. Leo hakilipii kitu. Hawezi kunilinda, hawezi kunishukuru kwa maneno, wala hatakwenda kwa jirani kunisifu. Na mtaani hakuna heshima ninayoipata kwa ajili yake. Wako wanaonihurumia, wanaona nimekosa la kufanya.

Kwa hiyo jioni ninapotoka na sufuria yake, natoka mahali ambapo hapana mtazamaji.

Isipokuwa kama yupo.

## Babu wa nyumba ya pili

Nyumba ya pili kutoka kwetu anakaa Babu. Ni Muislamu, mtu wa swala tano na kanzu iliyopigwa pasi. Katika madhehebu ya Shafi, yanayofuatwa na wengi pwani hii, mate ya mbwa ni najisi, na chombo alichokilamba huoshwa mara saba, mojawapo kwa udongo. Babu hana mchezo na hilo. Akimkuta Watasema njiani hukusanya kanzu yake na kupita kando, na Watasema naye, hata enzi za nguvu zake, alijua kutomsogelea.

Lakini kaskazi inapovuma, joto la Januari na Februari linapokausha kila kitu, nje ya ukuta wa Babu huwa kuna kopo la rangi lililokatwa nusu. Kila alfajiri, baada ya swala, hulijaza maji akiyamwaga kutoka juu bila kuligusa. Mbwa koko wa mtaa mzima hunywa hapo. Na akitoka Deep Sea kununua samaki, vichwa huvitia kwenye mfuko wake, akagonga geti letu kwa fimbo: "Mwanangu, mpe yule mzee mwenzangu."

Nilimwendea jioni moja, nikamwamkia, nikakaa kwenye jamvi, nikamweleza lililonisumbua. Kuhusu mzee wa kanisa hakusema kitu. Babu hasengenyi. Alinisimulia hadithi ya Mtume, iliyomo katika Bukhari, ambayo wasomaji wangu Waislamu wanaijua tangu chuoni.

Mtu alikuwa njiani, kiu ikamzidi. Akapata kisima, akashuka ndani, akanywa, akapanda. Huko juu akamkuta mbwa anahema, ulimi nje, anakula udongo wenye unyevunyevu kwa kiu. Akajisemea: kiu iliyomfika huyu ndiyo iliyonifika mimi. Akashuka tena. Akaijaza maji khofu yake, kiatu chake cha ngozi, akaing'ata kwa meno ili mikono ipate kupandia, akapanda, akamnywesha. Mwenyezi Mungu akampokelea tendo lile, akamsamehe. Masahaba wakauliza, je, hata kwa wanyama tuna ujira? Mtume akawajibu kwamba kwa kila chenye ini bichi, yaani kila kilicho hai, kuna ujira.

Mimi nilibaki kwenye meno. Kiatu alichokanyagia safari nzima, amekibana mdomoni, kimejaa maji, na juu kuna mbwa anayemsubiri. Hakuna namna ya kulifanya jambo lile kwa fahari.

Nikamuuliza, "Pale kisimani, Babu, alikuwepo nani mwingine?"

"Hakuwepo mtu."

"Sasa habari ilijulikanaje?"

"Aliyeona ndiye aliyesema."

Kisha akanisimulia na ya upande wa pili, mwanamke aliyeadhibiwa kwa sababu ya paka. Nilikuwa nimewahi kuisikia, ila sikuwa nimeitazama vizuri. Hakushitakiwa kwa kumpiga paka wala kumchoma moto. Alimfungia. Hakumlisha, wala hakumwacha atoke akajitafutie wadudu wa ardhini. Huenda mlango ulifungwa, kazi zikawa nyingi, siku zikapita. Na pale nako hakukuwa na shahidi.

Niliporudi nyumbani usiku ule nilifikiri juu ya mema yangu mengine. Sadaka yangu ya ahadi iko kwenye bahasha yenye namba. Nikienda kumwona mgonjwa, tunakwenda kwa kundi na tunaagana kwa sala. Msibani kuna daftari la rambirambi na jina langu limo. Siyadharau hayo, ndiyo yanayotufanya tuwe watu. Lakini nikiulizwa ni wapi hasa ninapoiishi imani kwamba Mungu anaona, siwezi kuonyesha mahali ambapo watu nao wanaona.

## Nyumba ambamo mbwa alikula nyama

Ningeweza kuishia hapo, nikajipongeza. Kilichonizuia ni nyumba moja ya Dar es Salaam nilikowahi kufikia kama mgeni.

Walikuwa na mbwa wawili wakubwa wa kizungu. Nyama yao ilichemshwa kwenye sufuria yake, ikapozwa, ikachambuliwa mifupa midogo isije ikawakwama. Kazi hiyo ilifanywa na dada wa kazi, binti aliyetoka bara, mwembamba, mpole. Akishamaliza kuwachambulia mbwa nyama, yeye alikula ugali na mchuzi uliobaki, amesimama jikoni. Mwenye nyumba aliwasemesha wale mbwa kwa sauti laini kabisa. Binti aliitwa kwa kupigiwa makofi.

Na nyumba ile ilikuwa na sala kila jioni.

Kwa hiyo mtu akiniambia kuwa anayempenda mnyama ana moyo wa kumcha Mungu, huikumbuka jikoni ile. Mithali 12:10 tunaipenda kwa nusu yake ya kwanza: "Mwenye haki huufikiri uhai wa mnyama wake." Kwenye kalenda za ukutani huishia hapo. Nusu ya pili inasema: "Bali huruma za mwovu ni ukatili." Huruma zake zenyewe! Kumbe zipo, na bado ni ukatili.

Nilikaa na nusu hiyo kwa siku nyingi, na ilinipeleka kwa nabii Nathani. Anakwenda kwa mfalme Daudi, ambaye amemchukua mke wa Uria na kumpeleka Uria mwenyewe mstari wa mbele vitani akafe. Nathani anamsimulia habari ya maskini aliyekuwa na mwana-kondoo jike mmoja tu, aliyekua pamoja na watoto wake, akila katika mkate wake, akinywea kikombe chake, akilala kifuani pake, akawa kwake kama binti. Tajiri jirani akapata mgeni. Akaacha makundi yake mwenyewe, akamchukua yule mmoja, akamchinja.

Daudi akawaka hasira. Anastahili kufa mtu huyo!

Daudi alikuwa mchungaji wa kondoo tangu utoto. Moyo wake kwa mwana-kondoo ulikuwa hai kabisa. Lakini kwa Uria ulikuwa umekufa, na hakuijua tofauti mpaka alipoambiwa, "Wewe ndiwe mtu huyo."

Zamani nilidhani Nathani alitumia kondoo ili mfalme asishtuke mapema. Siku hizi naona zaidi ya hapo. Alipatafuta mahali pa mwisho ambapo dhamiri ya Daudi ilikuwa bado inapumua, akaingilia hapo. Huruma kwa mnyama haikumtakasa Daudi. Ilikuwa mlango tu, na mtu anaweza kukaa mlangoni maisha yake yote asiingie ndani, kama wale wenyeji wangu wa Dar.

Dada anayenisaidia kazi nyumbani kwangu anakula mezani pamoja nasi, chakula kile kile. Nalitaja hilo kwa kuwa sina haki ya kuandika mstari mmoja juu ya mbwa kama lingekuwa vinginevyo.

## Mlangoni pa tajiri

Na hela je? Maana mzee wa kanisa alisema juu ya hela, na hela kweli haitoshi. Wako wanaosema huruma haipungui kwa kutolewa. Ya moyoni sawa, haipungui. Ya mfukoni inapungua, na kidonge kina bei.

Nimejiwekea mipaka. Watasema hali chakula cha dukani. Anakula dona la nyumbani, dagaa, na vichwa vya Babu. Simfanyii sherehe, simvishi nguo. Kupe namtoa kwa mkono, jioni, nikiwa na kopo la mafuta ya taa pembeni ya kuwatumbukizia. Dawa ya maumivu nanunua. Hapo sitarudi nyuma, kwa sababu anaumwa na yuko getini kwangu. Yatima wa kanisa letu nawachangia, na sitaki kuwapimanisha na mbwa, maana kipimo hicho ni cha ajabu: hatukitumii tunaponunua vitenge vya sare ya harusi, wala mapambo ya ukumbi. Kinatolewa kabatini akitajwa mnyama tu.

Yesu alitoa mfano wa maskini mlangoni pa tajiri. Lazaro amelala pale, ana vidonda, anatamani makombo. Luka ameweka sentensi tunayoipita mbio: "hata mbwa wakaja wakamramba vidonda vyake." Nimesikia mahubiri mengi yakisema hiyo ni ishara ya jinsi Lazaro alivyodhalilika, na yawezekana. Ila tazama nani yuko wapi. Tajiri yuko ndani. Nje ya lango wako maskini na mbwa, wote wanangoja makombo yale yale, na wanaomsogelea maskini ni mbwa. Sioni popote katika mfano ule ambapo mbwa alimnyang'anya Lazaro riziki yake. Iliyomnyima ni meza.

Tangu nilipoona hivyo nimeacha kuamini kwamba yatima na mbwa wanagombania mkono wangu. Mara nyingi wote wako upande mmoja wa geti, na swali ni kama geti linafunguliwa.

## Macho ya mbwa wa Luther

Sisi Walutheri tuliosoma kipaimara tulikariri Katekisimo Ndogo mpaka usingizini. Katika maelezo ya "utupe leo riziki yetu", kwenye ile orodha ndefu ya vitu tunavyoomba, mifugo imo, pamoja na nyumba, shamba na majirani wema. Ambalo hatukufundishwa ni kwamba Martin Luther mwenyewe alikuwa na mbwa, aliyeitwa Tölpel. Maneno aliyoyasema Luther mezani yaliandikwa na waliokula pamoja naye, na moja liliandikwa mwaka 1532: mbwa alikuwa anakitazama kipande cha nyama, mdomo wazi, macho hayapepesi, na Luther akasema laiti naye angeweza kuomba vile mbwa yule anavyoitazama nyama. Hana wazo lingine. Hana tumaini lingine.

Nimemjaribu Watasema juu ya hilo. Naona yuko tofauti, kwa sababu macho hayaoni. Jioni, kabla sijafungua mlango wa uani, ameshakaa. Anaelekeza uso kwenye mlango, siyo kwangu, maana hajui bado kama nipo. Masikio mbele, kichwa kimeinama upande kidogo, mkia umetulia chini. Nikichelewa hafanyi fujo. Wala haendi kutafuta kwingine. Nimewahi kusimama nyuma ya dirisha la jikoni nikamtazama muda mrefu, na muda wote aliuelekea mlango.

Mimi nikiomba, dakika ya pili nipo sokoni, ya tatu nipo kwenye deni la ada.

Katika Mathayo 15 kuna mama Mkanaani aliyemwomba Yesu amponye binti yake, akajibiwa kwamba si vizuri kukitwaa chakula cha watoto na kuwatupia mbwa. Jibu hilo linatuumiza wengi tukilisoma. Yeye alisema, "Ndiyo, Bwana, lakini hata mbwa hula makombo yaangukayo mezani pa bwana zao." Lazima mama yule aliwahi kukaa karibu na meza yenye mbwa chini yake. Alijua wanavyokaa, alijua hawaondoki. Alichukua alichokiona nyumbani, akakifanya ombi, na akaambiwa: "Mama, imani yako ni kubwa."

Naamini hilo ndilo alilokuwa akilijua baba na penseli yake, ingawa hakuwahi kulisema.

## Sindano

Kuna upande wa jambo hili usio na machozi wala mistari ya Biblia, nao ni chanjo.

Mwenye mbwa anayesema anamcha Mungu na hajamchanja mbwa wake, mimi namshangaa. Kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili kwa mtu, hakuna dawa, karibu kila anayefikia hapo hufa. Miongoni mwa wanaoumwa na mbwa, watoto ni wengi. Na kinga ni sindano anayochomwa mnyama mapema, ikarudiwa kwa wakati wake. Mbwa wakichanjwa asilimia 70 hivi katika eneo, ugonjwa unakosa pa kupitia na kukatika.

Pemba wamelionyesha hilo kwa macho. Kisiwa cha Waislamu karibu wote, watu kama Babu, wasiogusa mbwa kirahisi. Mbwa walichanjwa, na kufikia Mei 2014 kichaa cha mbwa kilikuwa kimetoweka kisiwani. Kisha uchanjaji ukalegea, na mwishoni mwa 2016 ugonjwa ukaingia tena. Wakarudia kuchanja kisiwa kizima, na Oktoba 2018 ukatoweka mara ya pili. Napenda kuwafikiria watu wale waliowashika mbwa kwa kamba wachomwe, halafu wakaenda kujitahirisha kwa maji na udongo, wakaswali. Hawakuwapenda mbwa kwa namna ninayompenda Watasema, pengine. Lakini waliufikiri uhai wao, na kwa hilo wakaulinda uhai wa watoto.

Kampeni ya chanjo ilipotangazwa mtaani kwetu nilimfuata mzee wa kanisa nikamwomba isomwe kwenye matangazo ya Jumapili. Ndipo nilipomweleza lililokuwa moyoni. Nilimsomea mwisho wa kitabu cha Yona. Nabii amekasirika kwa sababu Mungu ameusamehe mji, na Mungu anamuuliza kama haimpasi kuuhurumia Ninawi, wenye watu zaidi ya mia na ishirini elfu wasioweza kupambanua mkono wa kuume na wa kushoto, "tena wamo wanyama wa kufugwa wengi sana?" Kitabu kinaishia hapo, kwenye swali, na neno la mwisho Mungu analosema ni habari ya wanyama.

Mzee aliichukua Biblia yangu akaisoma mwenyewe. Akavua miwani. "Kwa hiyo amewahesabu," akasema.

"Amewahesabu, mzee. Baada ya watu, lakini kwenye hesabu ile ile."

Hakusema kwamba alikosea, wala sikumtaka aseme. Aliuliza chanjo ni bei gani. Nikamwambia kwa siku ile ni bure. Jumapili akaisoma, baada ya tangazo la mchango wa yatima, na siku ya chanjo watoto wa mtaa wakaja na mbwa wao wakiwavuta kwa vipande vya kamba ya katani, wengine wakiwabeba begani. Bwana mifugo alikuwa na boksi lake la barafu. Alifanya kazi mpaka mchana.

## Ambalo bado

Limebaki moja, na ndilo zito.

Daktari wa mifugo ameniambia, kwa upole, kwamba miguu haitapona. Ikifika siku ambayo maumivu yamezidi dawa, ipo sindano nyingine, ya kumpumzisha. Ni juu yangu kuamua.

Nilimuuliza Babu. Akasema hajui hukumu ya sindano, aulizwe shehe, ila Mtume ameamrisha wema katika kila jambo, hata katika kuchinja: kisu kinolewe, mnyama apumzishwe. Nilimuuliza mchungaji wetu. Akasema uhai ni wa Mungu, lakini mateso ya mnyama anayetutegemea tutaulizwa sisi. Wote wawili walinijibu kwa uzito, na hakuna aliyenicheka. Jibu lenyewe hawakunipa.

Kinachonitisha ni kwamba Watasema hataelewa. Mgonjwa binadamu unaweza kumweleza, ukasali naye, akakubali au akakataa. Huyu atasikia mkono wangu shingoni na ataamini kwamba ni tonge. Nimejiuliza kama huko ni kumsaliti. Nimejiuliza pia kama kumwacha aburuze miguu miezi mingine, ili mimi nisiwe niliyeamua, si ndiyo ile huruma ya nusu ya pili ya Mithali.

Kwa sasa nimekata hivi. Maadamu anainuka mwenyewe kwenda kujisaidia nje, na maadamu anauelekea mlango jioni, ataishi, na dawa nitanunua. Yakimshinda yote mawili, nitampigia daktari aje nyumbani, nisimbebe garini akafie mahali asipopajua. Nitakuwa nimemshika mimi, sitamwachia dada wala kijana wa kuajiriwa. Atakuwa ameshakula.